Stesheni ya Bibi

Leo, kwa fundi viatu wa Gisimenti hapa Kigali, harufu ya gundi imenirudisha sebuleni kwetu Nyamirambo, nilipokuwa msichana mdogo. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa akimjengea mama yake mfano wa stesheni ya treni ya Tabora kwa maboksi, na mbele yake amelaza reli nyembamba za waya. Bibi alizaliwa Tabora, akaolewa Kigali, asirudi tena. Sasa alikuwa haoni.

Mimi nilipaka paa rangi nyekundu kwa unyoya wa kuku, ingawa yeye asingeiona. Baba alikata madirisha kwa wembe, akabandika mchanga ukutani kwa gundi ili mkono uhisi plasta.

Tulipomwita, Bibi alipapasa paa, milango, kisha mahali pa kusubiria treni. Vidole vikasimama.

"Mwanangu, benchi iko wapi?"

"Benchi gani, Mama?"

"Mama yangu alikaa hapo siku naondoka. Alishindwa kusimama anipungie mkono."

Baba alikata kipande cha ubao, akakiweka palepale alipoonyeshwa. Bibi akakigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayegusa goti la mtu.

"Shikamoo, Mama," akasema, akatega sikio.