Mjusi wa Kwenye Simu

Mama alinipigia simu kutoka Migato. Kijijini ilizunguka video ya mjusi akikimbia juu ya maji, na watu walidai maji yale ni ya lambo letu la kunyweshea mifugo na mjusi katumwa kichawi na mjane jirani yetu. Mimi ni mwalimu wa sayansi Bariadi. Nilipanda pikipiki nikihofia watamdhuru mjane.

Nilipofika nikawakusanya majirani uani kwa mama, nikapiga maji ya beseni kwa kiganja.

“Mguu ukipiga kwa nguvu, maji yanafanya shimo. Mjusi huyu ni mwepesi, anautoa kabla shimo halijajifunga. Anaishi Amerika, hapa hayupo.”

Mama naye akajaribu kuyapiga maji, akaloa. “Kumbe ni mbio tu, mwanangu.”

Wengine wakacheka. Mjane, aliyekuwa amejifungia nyumbani kwake, akafungua mlango, akaja kuketi nasi. Nikashusha pumzi.