Bwana Upya na Mkono wa Kiooni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameosha kioo kimoja maisha yake yote. Si cha dirisha. Ni kioo cha darubini ya kule kilimani, kipana kuliko chumba ninachoshonea nguo, na ilipojengwa ilikuwa darubini kubwa kuliko zote barani. Kabla yake sifa hiyo ilikuwa ya nchi jirani, na ya kwao ilikuwa nusu ya yetu, basi tukavimba vichwa hata sisi ambao hatujawahi kuchungulia. Kibao cha getini kilisema: DARUBINI KUBWA KULIKO ZOTE BARANI. Halafu wengine wakajenga kubwa zaidi, na baada yao wengine tena, ikabidi mchora vibao aitwe kubananisha neno "iliyokuwa" kwa herufi ndogo. Shemeji alinuna wiki nzima. Nikamwambia, "Shem, hata mimi niliwahi kuwa mrembo wa mtaa huu, na hakuna aliyeniandikia kibao."

Kila baada ya miaka miwili kioo kile kinashushwa, kinavuliwa ngozi yake ya alumini kwa dawa, kinaoshwa kwa sabuni na pamba mpaka kibaki kitupu, kisha kinavishwa ngozi mpya. Kabla ya kukivisha wanakihemea. Unafungua mdomo, haaa, kama mtu anayesafisha miwani. Kikiwa safi, ukungu unatanda sawasawa. Kikiwa na mafuta hata ya ncha ya kidole, alama inajitokeza. Na sheria yao ni moja: kidole kimoja, kazi upya. Shemeji ndiye aliyeisimamia, bila kujali nani kachoka na nani ana njaa, ndiyo maana wenzake wakamwita Bwana Upya. Mume wangu alikuwa mmoja wa wenzake hao.

Miaka ishirini na minne iliyopita, saa kumi na moja jioni, kazi ikiwa karibu kwisha, mume wangu aliteleza akajishika kiooni kwa mkono mtupu. Hakuna aliyeona ila mdogo wake. "Upya," akasema. Watu wakaguna, wakaanza upya. Mume wangu akapanda jukwaani kushusha maji mengine, miguu imechoka, akaanguka.

Jeneza lililetwa limeshapigwa misumari. Niliambiwa hatazamiki. Nikamzika mtu ambaye sikumwosha wala sikumshika hata kidole. Watu husema muda ni dawa. Hiyo dawa mimi sijaiona duka lolote.

Shemeji sikumlaumu. Kazi ni kazi. Alinisaidia kulea wanangu kama wake, kila Jumapili yuko mlangoni, lakini toka siku ile hakuwahi kunitazama usoni. Anaongea na cherehani yangu. Nilidhani ni haya tu.

Ijumaa moja alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaiambia cherehani: "Darubini inafungwa. Kioo kinapelekwa kuwekwa kwenye maonyesho. Jumatatu mafundi wa huko wanakisugua upya kwa mashine."

"Pole, shem. Utapumzika sasa."

"Mkono wake umo humo."

Nikaacha kushona. Nikamuuliza mkono wa nani, ingawa nilishajua.

"Wa kaka. Nimevua ngozi mara kumi na mbili, na kila nikikihemea, naukuta. Pale nahemea mwenyewe, na sikuwahi kumwambia mtu."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Miaka ishirini na minne mimi nazungumza na kaburi, na yeye kila baada ya miaka miwili anaonana na mume wangu, anamfunika, anateremka kilimani kuja kunywa chai yangu. Nikampa makavu yake. Nikamwita mchoyo na mwizi. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na sasa naona nguo yenyewe. Nilipoishiwa maneno nikamwambia, "Kesho unanipeleka. Sikumuaga. Kesho nitamuaga."

Asubuhi tulikuwa wawili tu chini ya kuba. Kioo kilikuwa kimelala, kitupu, tayari kwa safari. Shemeji akanivisha glavu, akanionyesha mahali. Nikainama, nikahema.

Ukungu ukatanda, na katikati yake ukaja mkono. Kiganja, vidole vitano, na kile kidole cha mwisho kilichopinda tangu alipobanwa na mlango wa jikoni kwetu. Ukakaa kidogo, ukakauka, ukaondoka. Nikahema tena, ukarudi. Nililia kwa sauti, sikuona aibu. Nilimpenda yule mwanamume.

"Nipe pamba na maji," nikasema. "Nimwoshe."

"Hautoki, shem."

"Sijasema utoke. Nimesema nimwoshe."

Hapo ndipo aliponitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Unadhani nilikuficha kwa sababu nilitaka kuwa naye peke yangu? Nimeuosha mara kumi na mbili. Kwa sabuni, kwa dawa, kwa unga wa chokaa mpaka vidole vikachubuka. Nilitaka mkono huo uniachie. Na sikusema, kwa sababu ningesema wangeanza upya, na mimi neno hilo lilishaniulia kaka."

Nikachukua pamba.

Nilimwosha polepole, kidole kimoja kimoja, hadi kile kilichopinda, nikimwambia ya nyumbani: wanao wameoa, paa limebadilishwa, mlango ule wa jikoni bado unabana watu. Nikamsuuza. Shemeji akakausha. Kisha nikahema, nimwone mara ya mwisho.

Ukungu ukatanda sawasawa.

Nikahema tena. Hakukuwa na kitu. Niligeuka kumwangalia shemeji, nikidhani nitamkuta kashusha pumzi, mzigo umemtoka. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Umekosea mahali," akasema. "Hema upya."

Nikahema upya. Akanisogeza, akahema yeye, pale, kisha pembeni, kisha akaanza kukizunguka kioo chote, haaa, haaa, mpaka midomo ikamkauka. Magari ya wapakiaji yalipopiga honi getini bado alikuwa anazunguka. Nilimwambia, "Shem, ameshaenda, tumwache." Akasema, "Nilikuwa naye." Ikabidi nimshike mkono kumtoa nje.

Kioo kilienda. Shemeji sasa hana kazi, anakuja kwangu karibu kila siku. Juzi nilitoka jikoni na chai nikamkuta ameinamia kioo kirefu ambacho wateja hujipimia nguo. Alikuwa anakihemea. Wanangu wanasema nimkataze, eti uzee huo. Wao hawajui. Niliweka vikombe chini kimya kimya, nikasimama nyuma yake, nikatazama nami.