Kopa tatu, shupaza moja: hesabu niliyompigia mke wangu kuhusu watoto wetu

Salaam wakuu, nawaandikia kutoka Jinja, huku Kimaka.

Hili ni langu mwenyewe na sijatia chumvi. Natamani ningekuwa natunga.

Mimi ni fundi pikipiki. Kazi ikipoa, kijiweni tunapiga karata. Mchezo wetu huku Uganda unaitwa matatu, msije mkadhani naongelea magari.

Wananiogopa kwa sababu nakumbuka kila karata iliyotupwa. Iliyotoka imetoka, kwa hiyo napiga probability ya zilizobaki na mara nyingi napatia.

Kichwa hicho hicho ndicho kilichoniponza.

Mtoto wetu wa kwanza, Shamimu, alikutwa na sickle cell, wengine mnaita selimundu. Mtoto analia mifupa mpaka sauti inakauka, na wewe baba umekaa pale huna maana yoyote.

Tukapimwa mimi na mke wangu, Zaituni. Wote tumeibeba kwenye damu, ingawa hatuumwi. Daktari akasema kila mimba, nafasi ya mtoto kuumwa ni moja kwa nne.

Zaituni akasema basi, hazai tena.

Mimi nikamtandikia karata nne mkekani, kopa tatu na shupaza moja. Nikaichukua shupaza nikaiweka pembeni. "Mama Shamimu, mbaya yetu ni hii, imeshatoka. Zilizobaki zote kopa."

Wakuu, aliniamini. Kimaka nzima wanajua mimi sikosei karata.

Swaleh akazaliwa. Kabla hajaanza kutembea, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Tulikuwa Mbale kwa wakwe, tukamkimbiza kliniki. Majibu yakawa yale yale ya dada yake.

Nikamuuliza nesi imewezekanaje, nikamweleza na ile hesabu yangu. Hakunicheka, na ingekuwa afadhali angenicheka.

"Bwana, hapa karata inarudi yote. Kila mimba unachanganya tena, unavuta tena. Hii tumbo haikumbuki ile ya kwanza."

Pale pale kwenye benchi nikapiga hesabu. Watoto wote wawili kuumwa ni moja kwa kumi na sita. Nafasi ndogo kabisa, lakini ikishakukuta wewe udogo wake haukusaidii kitu.

Sasa Zaituni ana mimba tena. Hatukupanga. Na pa kumpima mtoto kabla hajazaliwa, huku kwetu hatujapapata.

Kila siku baada ya alasiri anachukua zile karata nne, anazichanganya, anazilaza kifudifudi, anavuta moja. Ikija kopa, anainuka kupika. Ikija shupaza, anageukia ukutani na watoto wanakula kwa jirani.

Nimemwambia karata haijui kitu. Anaendelea kuchanganya. Nani alimfundisha, si mimi?

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaitoa shupaza kwa siri, nikaweka kopa ya nne.

Akavuta. Kopa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu ajue ana mimba. Nikafurahi kama mjinga.

Kisha akafunua na zile tatu zilizobaki.

Akanitazama. "Baba Shamimu, na hii ya tumboni utanibadilishia?"

Nimekata tamaa wakuu, nasema wazi.

Ambao hamjaoa, pimeni damu kwanza, wote wawili. Na mkiambiwa moja kwa nne, jueni ni moja kwa nne kila mara, hakuna iliyokwisha kutoka. Aliyepitia haya aandike hapa chini alimwambia nini mke wake. Matusi pia nitayasoma, nimeyastahili.

Shupaza yake aliidai, nimemrudishia. Alasiri imeshaadhiniwa, nasikia anachanganya.