Pikapu Iliyolala na Ng'ombe

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya samadi hunirudisha kijijini kwetu Daudi, kwenye vilima vya Mbulu, hata nikiwa nimesimama kituo cha mafuta mjini na lori la mifugo limepita tu. Wenzangu huziba pua. Mimi huvuta pumzi ndefu, na mume wangu husema sina akili nzuri.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponunua pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa. Usidhani tulikuwa matajiri. Mwaka uliotangulia mama alishikwa na uchungu alfajiri, akabebwa kwa machela kuelekea mjini, na mtoto akafia njiani. Baba hakulizungumza jambo hilo. Aliuza ng'ombe wake wazuri na kitunguu saumu cha msimu mzima, akarudi na gari. Sasa mama alikuwa mjamzito tena, na sote nyumbani tulijua gari lile lina kazi moja ya kufanya. Viazi na maharage vilipanda kama abiria wa lifti.

Shida ni kwamba kila asubuhi lilimisi. Ndivyo mafundi wanavyosema injini inapopoteza mapigo. Baba akiliwasha lilikohoa, likatetemeka boneti nzima, likatoa moshi na kuzima. Tulilisukuma mpaka mikono ikafa ganzi. Likishakubali na kutembea kidogo, lilinguruma vizuri kabisa, utadhani tulikuwa tunalisingizia.

Hapo ndipo aibu ya baba ilipoanza. Fundi Tluway, mwenye karakana nyuma ya soko la Mbulu, alilipokea kila mara saa nne, likiwa zima. Alibadilisha plagi, akabadilisha waya zake, akasafisha kabureta. Safari ya tatu alifuta mikono kwa tambara akasema, "Mzee, gari yako haina shida. Labda wewe ndiyo hujui kuiwasha." Baba akapanda gari tukarudi nyumbani, na mimi niliyekaa pembeni yake nilimwonea huruma.

Mimi nilikuwa mtoto mdadisi, yaani kero. Nikaanza kuzichunguza asubuhi za lile gari, nikichora alama za mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Likilala kwetu, linamisi. Lakini baba akilipeleka Gendabi, kule tambarare za Hanang, akalala kwa rafiki yake mfugaji, asubuhi liliwaka mara moja. Majirani walimtania kwamba gari lake lina ukoo kule chini, ndiyo maana likifika kwao linafurahi. Sikucheka. Nilijiuliza siku nyingi Gendabi kuna nini ambacho kwetu hakuna, mpaka nikachoka na kuligeuza swali. Je, kwetu kuna nini?

Kwetu ng'ombe walilala ndani, kwa sababu ya baridi na fisi, kwenye banda la bati lililoungana na nyumba na lisilo na dirisha hata moja. Baba aliliingiza gari humo humo. "Kitu cha thamani hakilali nje," alisema, na aliamini kabisa kwamba joto la ng'ombe lingeisaidia injini kuamka. Gendabi ng'ombe walilala kwenye boma la miiba, na gari nje yake, likipigwa na upepo mkavu.

Aliyeingia bandani kabla ya wote alikuwa mama, kukamua. Nikamwuliza mle ndani hali huwaje alfajiri.

"Maji tu," alisema. "Ng'ombe wanapumua usiku kucha, bati inatoa jasho, inadondokea gari. Mimi naipangusa kabla baba yako hajaamka."

"Baba anajua?"

"Hajaniuliza."

Nilimweleza baba wakati wa uji. Akasema gari likilala nje fisi watatafuna tairi. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimwamuru mtu mzima, aliweka kibuyu chini. "Ilale nje leo," akasema. Likalala chini ya paa la kukaushia mahindi, lisilo na kuta, na asubuhi baba aligeuza ufunguo mara moja tu.

Baba hakuridhika. Usiku uliofuata alilirudisha makusudi kwa ng'ombe, akamwomba fundi aje kulitazama alfajiri. Nilimwamkia fundi shikamoo, akaniitikia huku ameshainama. Alifungua kifuniko cheusi cha distributa, kile kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi. Ndani kulikuwa na matone, shaba imeota ukijani, na ufa mwembamba ambamo umeme ulipotelea pindi ukilowa. "Kumbe nilikuwa natibu mgonjwa aliyeponea njiani," alisema, kisha akamwomba baba radhi kwa yale maneno.

Wiki chache baadaye uchungu ulimshika mama kabla ya mapambazuko. Gari likawaka. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini jua likichomoza, na baba alilia mbele ya watu bila kujificha.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikijisifu, mimi mtoto niliyewashinda mafundi. Kile kitendo cha kupangusa gari nilikieleza kama usafi wa mama, ambaye hakupenda kuona kitu kimelowa. Kisha nikabeba mimba yangu ya kwanza, nikaanza kushtuka alfajiri bila sababu, nikimfikiria mwanamke mwenye tumbo kubwa amesimama peke yake bandani, akilikausha gari ambalo baada ya muda mfupi angelisikia likikohoa na kuzima. Alikuwa anaogopa kufa. Nami, mdadisi wa kila kitu, nilimwuliza habari za maji, nikazipata, nikakimbia kumwambia baba. Habari zake mwenyewe sikumwuliza.