Vumbi la Shati la Baba

Fundi anakata vigae vya sakafu kwa jirani, na harufu ya simenti kavu imeingia mpaka jikoni. Nimefunga dirisha, lakini haitoki.

Ndiyo harufu ya shati la baba. Alikuwa akikata vigae vya asbesto vya kuezekea hoteli mpya huko Watamu, na kila Jumamosi alirudi nyumbani Kibarani na nguo za wiki nzima. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, sabuni haikutoa povu, kwa hiyo mama alizikung'uta kwanza. Alilishika shati mabegani akalipiga ukutani, pa, pa, na unga mweupe ukapanda juani ukimetameta. Mimi nilikimbilia katikati yake, uso nimeuinua. Ukanitulia kwenye kope, laini kuliko poda ya mtoto.

"Wee, toka hapo, utachafuka!" alisema, huku akicheka na kukohoa.

"Mama, tena!"

Naye akapiga tena, kisha akanipangusa kope kwa ncha ya leso yake.

Nilikwisha kuwa mtu mzima nilipompeleka mama hospitali. Daktari aliitazama picha ya mapafu yake kwa muda mrefu.

"Mama, uliwahi kufanya kazi penye vumbi la asbesto? Ukilivuta, huharibu mapafu hata baada ya miaka mingi."

"Mimi sijaajiriwa popote, mwanangu. Nilikuwa nafua tu."

Akanigeukia polepole, akashika ncha ya leso yake, akaanza kunipangusa kope.