Mama mkwe na fimbo ya bosi

Leo nimepoteza samaki kwa mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama.

Niko mtoni huku Cheptais na fimbo ya kuvua trauti. Nimeazima kwa bosi wangu wa Kitale. Samaki anashika, anavuta kama ndama.

Nainua macho. Ng'ambo, miguu ndani ya maji, anachota maji, ni mama mkwe.

Watu wa Bungoma mnajua. Kwetu mtu na mama mkwe hawaangaliani.

Nikampa mgongo. Naye akanipa mgongo.

Samaki akaenda kwake.

Mama akaongea na mti. "Wewe mti, si umwambie huyo mtu kamba yake inanifunga miguu."

Nikaambia jiwe, "Mwambie mama pole."

Sasa nikivuta, si ataanguka? Nikaachilia fimbo, nikatorokea kwa mahindi.

Jioni hii bibi yangu, ako kwao, amenipigia. "Mama anasema asante. Samaki ilikuwa tamu."

"Na fimbo?"

"Ameanikia nguo zake."

Kumbe hata fimbo sasa siwezi kuitazama.

Bosi anaitaka kesho. Nani ako Cheptais anichukulie?