Kigae cha Moto Kando ya Miwa

Ni mimi niliyeunguza miwa yetu. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini: mbele ya baba, mbele ya mzee wa kijiji, mbele ya padri aliyeniandaa kwa kipaimara, na mbele ya mume ambaye wala hakuwa ameniuliza. Nililikana kwa ufasaha. Kuna watu wamejaliwa sauti ya kuimba. Mimi nilijaliwa ya kukana.

Ilikuwa miaka ile ya neema ya sukari, upande wa Mumias, wakati kila boma lilikuwa limeng'oa mihogo na mtama na kupanda miwa mpaka ukutani mwa jiko. Miwa ilikuwa imetulewesha. Mtu ambaye jana alivaa shati la marehemu kaka yake, leo alikuwa na baiskeli, redio na maoni kuhusu serikali. Kiwanda ndicho kilichopanga shamba la nani livunwe lini, na matrekta yalipita mchana kutwa yakivuta matrela yaliyorundikwa miwa. Sisi watoto tuliyafuata kama nzi, tukichomoa muwa mmoja mmoja kwa nyuma huku dereva akitutukania wazazi.

Siku hiyo moto ulizimika jikoni kwetu na mama akanituma kwa jirani kuomba makaa. Ndivyo watu walivyoishi. Unapewa makaa mawili matatu katika kigae cha chungu, unayafunika kwa majivu, unarudi upesi bila kusimama kusalimia mtu. Nilikuwa na miaka minane. Jirani, mama mnene aliyecheka kwa mabega, alinichagulia makaa mazuri kabisa, akaniambia, "Nenda mbio, usicheze njiani." Nikafika katikati ya shamba letu, kwenye kijia kilichopita ndani ya miwa, nikasikia trekta.

Sikumbuki kuamua chochote. Naukumbuka muwa niliouchomoa, mnene, wa zambarau, na jinsi ulivyonichana mdomo. Nakumbuka kufika nyumbani vidole vikinata, na mama amesimama mlangoni na sufuria ya maji baridi.

"Moto uko wapi?"

Moto. Nilikuwa nimesahau hata kwamba nilitumwa. Nikasema, "Hawana."

Haikupita saa moja tukaona moshi. Kilikuwa kiangazi, na majani makavu ya miwa hayahitaji kubembelezwa. Miwa yenyewe ilikuwa bado michanga, zamu yetu ya kuvunwa ikiwa mbali, na kiwanda hakikuwa na haja nayo. Mabati ambayo baba alikuwa amewatangazia watu wote, pamoja na wasiouliza, yakaahirishwa. Tukakaa chini ya nyasi misimu mingine mingi tukisikiliza mvua ikipiga mabati ya wenzetu.

Jirani alisema mbele ya kila mtu, "Huyu mtoto nilimpa moto kwa mikono yangu hii." Nilimtazama usoni nikasema hapana. Baba akaamua kwamba jirani asingejitetea namna hiyo kama hana neno. Bila shaka yeye ndiye aliyekuwa akichoma takataka mpakani, sasa anamsingizia mtoto. Kuanzia siku hiyo hakumsalimu tena. Baba alikufa hajamsalimu.

Kwa kuwa kosa langu kubwa halikujulikana, nilishtakiwa kwa madogo, na hayo hayakuwa na mwisho. Nilipelekwa mtoni na mtungi nikarudi na chura. Nilianza kumenya maharagwe nikaonekana juu ya mpera. Shuleni mwalimu aliniketisha mbele, kisha nyuma, kisha nje. Hatimaye akaletwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke aliyekuwa na jawabu la kila kitu isipokuwa ndoa zake tatu.

Shangazi alinitazama nusu saa nikizungukazunguka uani, akatoa hukumu. "Huyu si mtundu. Mlimpa jina la nani?" Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na marehemu aliyerukwa hanyamazi, humsumbua mtoto mpaka akumbukwe. Kwa kawaida hilo hugunduliwa mtoto akiwa mchanga: analia, majina yanatajwa moja moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Mimi nilikuwa nimechelewa miaka minane, lakini shangazi hakuwa mtu wa kuzuiwa na umri wa mgonjwa.

Kuku akachinjwa. Nikawekwa kwenye kigoda, wazee wakakaa, na shangazi akaanza kuwaita wafu kwa zamu. Kwa bibi wa kwanza nilijikuna. Kwa wa pili nikageuka kumtazama mbwa. Kwa wa tatu nikauliza kama kuku ameiva, nikapigwa kofi dogo. Kwa wa nne, nikaganda. Nilikuwa nimeona sisimizi watano wakibeba tonge la obusuma, ugali wa kwetu, kubwa kuliko wote pamoja, wakijaribu kulipandisha kwenye mguu wa kiti cha baba, na sijawahi kutulia hivyo maishani.

"Mmeona?" shangazi akapiga vigelegele. "Mmeona? Ni yeye! Amefika!"

Basi nikapewa jina la bibi aliyesifika kwa kusuka vikapu siku nzima bila kuinua kichwa. Baada ya wiki moja nilikuwa nikiitwa kwa jina hilo bila kugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimelisahau.

Nimekisimulia kisa hiki kwenye vikao vya wasomi mpaka watu wakamwaga chai. Nilikuwa nimefika chuo kikuu, nikapata shahada, kisha nyingine, zote kwa kuandika usiku mmoja kazi ya muhula mzima, na nikaona nina haki ya kumcheka shangazi. Baadaye nilianza kuandika makala, na moja ya zile zilizosifiwa sana ilihusu wazazi wa mjini wanaowapeleka watoto hospitali wakapewe neno refu la kufunika adabu mbaya. Niliandika kwamba siku zetu ADHD iliitwa ukaidi na usonji uliitwa kiburi, na dawa ya vyote viwili ilikuwa ikiota kando ya barabara. Watu walinipongeza. Mhariri alinipongeza pia, ingawa makala ilichelewa siku tisa na ukurasa wa tatu ulikuwa ni orodha yangu ya sokoni.

Kisha Mungu, ambaye husoma makala zote, akanipa binti.

Nilikuwa nimehamia Kakamega mjini. Akiwa na miaka kumi, binti yangu alikuwa anakula kwenye sahani moja tu, ya bluu. Kengele ya shule ikilia alijiziba masikio na kuingia chini ya dawati. Hakujua daftari lake lilipo hata akiwa amelikalia. Lakini ukimpeleka kwenye nyumba yoyote angefuata mabomba ya maji kutoka tangi mpaka jikoni, kisha akakuchorea ramani yake na kukuonyesha pale fundi alipokuibia. Mwalimu wake wa darasa aliniita. "Madam, huyu mtoto anawadharau watu. Namsalimia, anatazama ukuta."

"Kuna bomba ukutani?" nikauliza.

"Madam, mimi si wa kufanyiwa mzaha."

Nilirudi nyumbani nimeaibika, na aibu hunifanya mkali. Nilimchapa binti yangu. Nilimwambia maneno niliyoambiwa mimi, kwa sauti ileile, nikashangaa jinsi nilivyoyahifadhi vizuri, mimi ambaye sihifadhi hata namba yangu ya kitambulisho. Halafu nikamtafutia nafasi katika shule ya bweni iliyojulikana kwa nidhamu, nikanunua sanduku la bati na kufuli, nikalipeleka kwa mchoraji akaliandika jina lake kwa rangi nyeupe. Binti alilizunguka sanduku lile siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Huko nitakula kwa sahani gani?"

Nilimpeleka kupimwa ili tu nipate karatasi ya kuthibitisha kwamba hana kitu. Mtaalamu alikuwa msichana mwenye umri mdogo kuliko baadhi ya viatu vyangu. Alikaa naye siku kadhaa, akaongea na mwalimu, akanijazisha fomu, kisha akaniambia anaona vyote viwili, ADHD na usonji, na kwamba vyaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana sana.

"Mmempima damu?" nikauliza kwa dharau.

"Hakuna damu ya kupima, mama. Ni kuuliza, kutazama, na kuuliza tena." Akanieleza kwamba mtoto hakosi umakini, anao mwingi, ila hawezi kuutuma anakotaka. Kengele ambayo kwangu ni kelele tu, kwake ni kama kupigwa. Na kwamba jambo hili haliibuki ukubwani: likiwapo, lilikuwapo utotoni, nyumbani na shuleni pia, wala halikomi siku ya mahafali. "Bwenini kengele hulia mara ngapi kwa siku?" akauliza.

Nikamwambia kwamba nami nilikuwa hivyohivyo, nikachapwa, nikapona.

Alifungua daftari lake. "Mama, hii ni mara ya tatu unakuja siku ambayo si yako."

Akasema kwa upole, jambo lililonikera zaidi, kwamba si kila anayesahau ana ADHD, na hawezi kumpima mtu mzima kwa kumtazama tu. Mtu mzima hujitetea. Hukumbuka utoto uliomfaa. Alihitaji mtu aliyeniona kabla ya miaka kumi na miwili. "Mama mzazi yupo?" Yupo, nikasema. Akanipa ukurasa mmoja wa maswali.

Nikaupoteza. Akanipa mwingine. Huo niliubandika kwenye jokofu, nikapita mbele yake kila siku mpaka zikabaki siku nne shule zifunguliwe. Nilijiwekea sharti, kama mtu mwenye akili: mama akisema nilikuwa mtoto wa kawaida, sanduku linaondoka, na nitaandika makala nyingine. Nilikuwa na hakika na mama. Siku zote alisema nilikuwa mtoto mzuri.

Nilimpigia Jumapili baada ya ibada, binti yangu akiwa chini ya sinki akisikiliza bomba.

"Mama, kuna daktari anauliza mambo ya utoto wangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Anauliza kama nilikuwa nikiachaacha kazi kabla haijaisha."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie aniambie ni gani uliwahi kumaliza."

"Anauliza kama nilikuwa nikipoteza vitu."

"Ulipotezanga sweta. Ulipotezanga jembe. Jembe, mtoto wangu! Ndugu yako ulimpoteza kwa soko, ukarudi na ndizi." Akavuta pumzi. "Na kuna ile moto."

Nilikaa chini.

"Moto gani?"

"Usinifanye mjinga, mimi si baba yako. Hiyo jioni nilienda shambani kuangalia. Nikapata kigae hapo kando ya njia. Umeiweka chini vizuri, kama sahani ya mgeni. Nikaitupa kwa choo."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini? Baba yako angekuua. Na kama ungekuwa mtoto mbaya ungeficha kigae. Wewe uliiweka chini ndio urudi kuichukua. Halafu hukurudi. Hivyo ndivyo ulikuwanga. Shangazi yako aliitisha kuku bure. Lakini hapo alisema kweli, haikuwa utundu."

Niliuliza habari za jirani.

"Yuko. Kila Jumamosi nampelekeanga mboga, tangu hiyo mwaka. Hajawahi kuniuliza ni ya nini. Ukija utapitia kwake kwanza, kabla hujaingia kwangu. Mimi nimebeba yangu, yako siwezi."

"Nitapita."

"Na huyo mtoto, unampeleka wapi? Nasikia umenunua sanduku."

Nilitazama chini ya sinki. Miguu miwili ilitokeza, soksi moja nyekundu, moja bila rangi yoyote ninayoijua.

"Simpeleki popote, mama."

"Basi hilo sanduku lete huku. Panya wanamaliza mahindi yangu."

Nikasema nitalileta Jumamosi.

"Andika," akasema mama. "Utasahau."